Mdeni hakuwa marehemu: barua ya wazi kwa baraza la wazee wa usharika wetu

Kwa Baba Mchungaji, kwa wazee wa kanisa, na kwa wote mnaokaa kwenye ile meza ndefu ya ofisi ya usharika:

Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni, wazee wangu.

Mwandiko wangu mnaujua, kwa hiyo sina haja ya kujificha. Mimi ni katibu wa jumuiya, huu ni mwaka wa 11. Ile fomu ya maziko ya fundi viatu iliyofika mezani kwenu Jumatatu ile niliijaza mimi, kwa kalamu ya bluu, nikiwa nimekalia ndoo iliyofunikwa nje ya nyumba ya msiba. Kipengele cha 7 kinauliza kuhusu utoaji wa marehemu, yaani bahasha zake za sadaka. Nikaandika: "Bahasha haijarudi tangu 2019." Ilikuwa kweli tupu. Mzee wetu mmoja akaigeuza fomu kuona kama kuna stakabadhi yoyote imebanwa nyuma, hakuiona, akairudisha mezani akisema, "Imani bila matendo imekufa." Kikao kikahamia kwenye ajenda ya mabati.

Hatukumzika. Alizikwa, kwa sababu maiti haikosi wa kuizika, lakini si sisi tuliomzika. Kaburi lilichimbwa migombani na vijana wa kijiweni wakisaidiana na muuza kahawa, Muislamu, aliyekuja na sururu yake mwenyewe. Kengele haikupigwa. Kwaya ilikatazwa. Akina mama wa jumuiya waliimba bila kitabu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika barabarani. Wazee wawili waliotumwa "kuwakilisha" walisimama nje ya uzio wa masale mpaka kaburi lilipojaa, wakaondoka bila kunawa mikono.

Sikuandika ili niwavunjie heshima. Ule mstari uliosemwa mezani nimelala nao wiki nyingi sasa, na kila nikiusoma pale ulipo, kwenye waraka wa Yakobo, naona tuliusoma miguu juu kichwa chini.

Fungueni Yakobo sura ya 2, lakini msianzie aya ya 17 kama tulivyozoea. Anzieni juu. Mtu mwenye pete ya dhahabu anaingia katika kusanyiko, na maskini mwenye mavazi mabovu anaingia pia. Wa kwanza anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Wa pili anaonyeshwa pa kusimama. Hapo ndipo hasira ya Yakobo inapoanzia. (Pete ya dhahabu sisi tuliizika mwezi Machi, kwa wachungaji watatu na spika za kukodi. Simsemi marehemu yule, alikuwa mtu mwema kwangu.) Kisha zinakuja aya ya 15 na ya 16: ndugu yu uchi, amepungukiwa na riziki, na mtu wa kwenu anamwambia aende zake kwa amani, akaote moto na kushiba, lakini mkononi hampi kitu. Ni baada ya hapo tu ndipo anaposema: "Vivyo hivyo na imani, isipokuwa ina matendo, imekufa nafsini mwake."

Niambieni basi, katika mfano huo ni imani ya nani iliyokufa? Si ya yule aliye uchi. Yeye Yakobo hamuulizi hata swali moja: hamuulizi bahasha, hamuulizi alikosa ibada ya jumuiya mara ngapi. Anayebanwa ni yule mwenye shuka mbili aliyetoa baraka badala ya shuka. Matendo yanayodaiwa pale linadaiwa kanisa, na mdai ni maskini. Sisi tulichukua hati ya madai iliyoandikwa dhidi yetu tukaibandika juu ya sanduku la mtu aliyekuwa akitudai.

Na alikuwa akitudai kweli. Huo mwaka 2019 ndio mkewe alipoanza kulazwa. Cherehani yake ya viatu aliiuza ili alipie vipimo, akabaki kushona kwa shazia, kiatu cha nusu saa kikawa kiatu cha nusu siku. Jumuiya ilimchangia mara moja, shilingi 23,500. Nazikumbuka kwa sababu nilizihesabu mimi, na noti moja ya elfu mbili ilikuwa imeunganishwa kwa gundi. Mara ya pili hatukuchanga, kwa kuwa ilikuwa wiki ya mavuno na kila mtu alikuwa anatafuta kuku wa kupeleka mnadani. Mke alipofariki, fundi akaanza kunywa, kwanza mbege, halafu vitu vikali kuliko mbege. Sitamfanya mtakatifu. Alikopa kwa watu na hakulipa, ikiwemo elfu kumi yangu. Mwinjilisti alimtolea maneno machafu sokoni mbele za watu. Ukiniuliza kama aliamini, sina kipimo cha kuingiza ndani ya mtu.

Nina jambo moja tu. Wiki mbili kabla hajafa nilipita kibandani kwake kuchukua ndala za mwanangu. Alikuwa ameshika shazia, hakuinua macho. Akaniuliza, "Katibu, jina langu bado lipo kwenye daftari?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Lipo, ila lina deni."

Akacheka. Ndala akanipa, pesa akakataa.

Katika Luka 23 yuko mtu mwingine aliyeomba akumbukwe, yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Huyo hakuwa na njia hata ya kushuka pale juu akarudishe alichoiba. Hakuwahi kubatizwa, hakuwa na kadi, na mwenyewe alikiri kwamba anapata malipo ya haki kwa aliyoyatenda. Akajibiwa siku hiyohiyo. Hakujibiwa nilivyojibu mimi.

Sisi ni Walutheri, wazee wangu. Watoto wa kipaimara tunawakaririsha 31 Oktoba 1517 kama wanavyokariri Uhuru, na Jumapili ya Matengenezo tunavaa fulana. Lakini hizo hoja 95 za Martin Luther dhidi ya biashara ya vyeti vya msamaha ni wangapi tumezisoma zote? Nilizisoma usiku ule baada ya maziko, na nilishangaa. Ile ya 27 wote tunaijua, inayowakemea waliohubiri kwamba sarafu ikilia sandukuni, roho huruka kutoka toharani. Nyingine hatuzihubiri. Hoja ya 45 inasema amwonaye mhitaji akampita, kisha akatoa pesa zake kununua cheti cha msamaha, hajinunulii msamaha wa Papa bali ghadhabu ya Mungu. Huyo ni Yakobo 2 mtupu, maneno tu ndiyo yamebadilika! Hoja ya 50 inasema Papa angejua jinsi watu wanavyokamuliwa, angeona afadhali kanisa la Mtakatifu Petro liungue liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Hapo nilikumbuka ajenda ya mabati. Mtanisamehe.

Kwa hiyo mtu tuliyemfanya baba wa "imani peke yake" alianza vita yake akiwatetea maskini. Biashara ya Johann Tetzel, mhubiri aliyeuza vyeti hivyo, ilikuwa ya ujenzi na madeni: nusu ya makusanyo ilikwenda Roma kwa kanisa la Petro, nusu ilimlipia Askofu Mkuu Albrecht mkopo aliochukua kwa matajiri wa Augsburg ili apate cheo. Wokovu ulikuwa jina la bidhaa tu. Luther alipoikataa bidhaa hiyo, matendo mema yaliponyoka mikononi mwa wafanyabiashara, yakapata nafasi ya kurudi kwa jirani.

Na yalirudi kwa namna inayoshikika. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia, Ujerumani, uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Sanduku liliwekwa kanisani, mahali salama kuliko pote, na likafungwa kwa kufuli nne tofauti: ufunguo mmoja kwa makabaila, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa watu wa mjini, mmoja kwa wakulima wa vijijini. Halikuweza kufunguka bila mkulima kuwepo. Humo zilitoka pesa za mchungaji, za shule na za matengenezo ya majengo, na zilitoka pia za yatima, za wazee wasiojiweza, za mafundi waliokwama wakopeshwe wasimame tena. Someni tena: mafundi waliokwama. Miaka 500 iliyopita kulikuwa na Walutheri waliojua la kufanya fundi akiuza cherehani yake.

Nikirudi kwa Yakobo, kuna kichekesho ambacho sisi hatukioni kwa sababu tumo ndani yake. Luther hakumpenda sana. Katika dibaji za Agano Jipya la 1522 aliuita waraka ule wa majani makavu, sentensi ambayo baadaye aliiacha. Mimi nimekulia usharikani na nahesabu kwa vidole mara niliyosikia Yakobo akihubiriwa Jumapili. Lakini akifa mtu mwenye deni, Yakobo anatolewa kabatini, anafutwa vumbi, anapewa kazi ya mkusanya ushuru. Akimaliza anarudishwa. Katika dibaji za mwaka huohuo, ile ya Warumi, Luther aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi. Haiulizi kama kuna matendo mema ya kufanya, kwa maana kabla swali halijaulizwa imeshayatenda. Angewekwa na Yakobo meza moja kwa ajili ya fundi wetu, sidhani kama wangegombana muda mrefu.

Paulo na Yakobo wote wawili wanamwita Abrahamu shahidi. Paulo anamwita kwenye Mwanzo 15, mzee asiye na mtoto anayetazama nyota, ambaye hata tohara hajatahiriwa. Yakobo anamwita kwenye Mwanzo 22, kisu mkononi, Isaka juu ya kuni. Kati ya sura hizo mbili kuna miaka mingi ya kutembea, na mtu ni yuleyule. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, nalo linakwenda hivyohivyo: kifungu cha 4 tunahesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo kwa njia ya imani, kifungu cha 6 imani hiyo haina budi kuzaa matunda. Na Wakatoliki tuliogombana nao juu ya hili tangu enzi hizo tulitia nao saini Tamko la Pamoja, Augsburg hiyohiyo, 31 Oktoba 1999: tunakubaliwa kwa neema tu, si kwa stahili yetu yoyote, na Roho anatuwezesha na kutuita tutende mema. Viongozi wetu wa dunia wameshamaliza. Ni sisi wa mezani tuliobaki na fomu.

Lugha yetu wenyewe ingetusaidia kama tungeisikiliza. Bibi yangu aliokoka katika ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba mpaka ukatufikia huku mlimani. Jambo la kwanza alilofanya ni kubeba jembe begani, mchana kweupe, akalirudishe kwa jirani aliyekuwa amelitafuta miaka minne. Hakuna mzee wa kanisa aliyemwandikia barua. Bibi huyu akimsema mtu mkatili alikuwa anasema, "Yule hana imani." Hakumaanisha kwamba mtu huyo haijui Kanuni ya Imani, inawezekana aliijua mpaka mwisho na kuitikia kwa sauti. Alimaanisha hana huruma. Kwa Kiswahili mwenye imani ni yule anayekuonea uchungu. Wanatheolojia wametumia karne kadhaa kuunganisha vitu viwili ambavyo bibi alivibeba katika neno moja, na sisi tunaoongea neno hilo kila siku tumefaulu kuvitenganisha kwa kipengele cha 7.

Kuna neno jingine ambalo mimi kama katibu linaniuma zaidi: kuhesabiwa. "Kuhesabiwa haki." Sisi tunaoshika daftari tumeona hesabu ni kazi yetu. Lakini Warumi 4 aya ya 4 na ya 5 inatunyang'anya kalamu. Kwa mtu afanyaye kazi, anasema Paulo, ujira wake "hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Kisha anamtaja mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye amhesabiaye haki asiyekuwa mtauwa. Asiyekuwa mtauwa, yaani asiyemcha Mungu, wazee wangu. Nimejaribu kuutafsiri mstari huo kwa namna nyingine ili nipate nafuu, nimeshindwa.

Sasa upande wenu, maana mnao. Baba Mchungaji ulinikaribisha ofisini, ukaniambia kwa upole: tukizika kila mtu, nani atatoa? Mwinjilisti ana miezi mitatu bila posho. Kuna watu wanaolifanya kanisa kama gari la maiti, hawalioni mpaka siku ya mwisho. Ukanitajia Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani, na onyo lake juu ya neema ya bei rahisi, msamaha bila toba. Yote hayo ni ya kweli, na nisiyajibu kwa kelele.

La posho sina jibu isipokuwa kwamba posho ya mwinjilisti ni deni la walio hai, na tuna magari ya kutosha uwanjani kila Jumapili kulilipa. Wanaotukumbuka siku ya mwisho tu wapo, lakini Mathayo 18 inatuambia tumwendee ndugu aliyekosa yeye na sisi peke yetu, angali anasikia. Nidhamu ya kanisa siikatai. Nataka ifike mapema. Kwa fundi ziara ya kwanza ya viongozi katika miaka minne ilikuwa ya kupima urefu wa sanduku. Kuhusu Bonhoeffer, huyo mchungaji alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Gharama aliyoisema aliilipa mwenyewe kwa shingo yake, na aliwaambia habari zake wenye amani na vyeo, watu waliokuwa wamekaa kanisani raha mustarehe huku jirani zao wakikamatwa na serikali ya Hitler. Kuichukua kauli hiyo ukaielekeza kwa mjane au mlevi aliyekufa ni kumtumikisha asikopaswa kutumika.

Mtaniambia pia habari za yule mjane wa senti mbili, kwamba naye alikuwa maskini na alitoa. Kweli alitoa. Lakini angalieni Marko 12 amemwandika mara baada ya aya ipi: ile ya waandishi "wanaokula nyumba za wajane." Tunapomtoa mjane kwenye ukurasa tukaiacha aya iliyo juu yake, tunamtumia kwa kazi ambayo Yesu alikuwa anailaani.

Na Zakayo tunayemsoma kila wiki ya uwakili? Alitoa nusu ya mali, akarudisha mara nne. Lakini hayo yako Luka 19 aya ya 8. Aya ya 5 Yesu ameshamwita kwa jina na kusema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Hakupeleka kwanza wazee wakaangalie stakabadhi za forodha. Ugeni ulitangulia, pesa zikafuata zenyewe, na zilikuwa nyingi kuliko ahadi yoyote tuliyowahi kupanga.

Ombi langu ni dogo. Kipengele cha 7 kiondoke kwenye fomu ya maziko. Ahadi na bahasha zibaki, watu wahimizwe, wahubiriwe, hata waonewe aibu kidogo wakiwa hai kama hamna njia nyingine. Ila visiingie msibani. Kumzika mtu ni tendo letu, si tuzo yake. Pili, jumuiya ikiona bahasha ya mtu haijarudi miezi mitatu, hiyo iwe sababu ya kwenda kwake kuuliza kuna nini, kabla ya kuwa sababu ya kuandika. Tatu, kabla ya Krismasi, Baba Mchungaji na wazee waende nyumbani kwa fundi. Amebaki binti yake wa darasa la sita na shangazi yake. Kama mnaona aibu kuongea, chukueni jani la sale, la kuombea msamaha. Huku kwetu anayeletewa sale hana njia ya kukataa, na mtakuwa mmesema yote.

Nami nitakuja, kwa kuwa aliyeandika ni mimi.

Zile fomu ziko kabatini ofisini, droo ya pili, zimebaki kama 40. Kuchapa mpya ni gharama, najua. Mkiniruhusu nitafika Jumatano baada ya ibada ya asubuhi na rula na kalamu nyeusi, nizikate moja moja kipengele hicho. Haitazidi saa moja.

Katibu wenu wa jumuiya